Mlindeni mama anayenyonyesha Mongbwalu kabla ya kumuuzia kopo

Yapo makopo ya maziwa ya watoto wachanga yanayobeba viumbe hai. Ndani ya unga wake wamechanganywa bakteria waitwao Lactobacillus rhamnosus GG, au kwa kifupi LGG, ambao ukavu umewalaza na maji ndiyo yatakayowaamsha. Wataalamu huwaita probiotiki, wauzaji huwaita bakteria rafiki. Unga wenyewe si maziwa ya ng'ombe kama tunavyoyajua. Protini zake zimekatwakatwa kwa vimeng'enya hadi zikawa vipande vidogo sana, ili mwili wa mtoto mwenye mzio usizitambue na kuzipiga vita.

Tatizo linaanzia kwenye maji. Tangu mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani, WHO, pamoja na shirika la chakula, FAO, wanashauri unga wa maziwa ya mtoto ukorogwe kwa maji yenye joto lisilopungua nyuzi 70. Sababu ni kwamba unga huo, hata ukitoka kiwandani umefungwa barabara, haukosi uwezekano wa kubeba vijidudu kama Cronobacter na Salmonella, ambavyo vinaweza kumuua mtoto mchanga. Lakini joto hilo linalovimaliza vijidudu hivyo huwamaliza pia bakteria rafiki. Kwa hiyo watengenezaji wa maziwa yenye LGG humwelekeza mzazi achemshe maji, kisha ayaache yapoe ndipo akoroge. Anayefuata ushauri wa WHO anaua kile alichokilipia, na anayefuata maandishi ya kopo anaviachia nafasi vijidudu vya ungani.

Mzazi wa London mwenye bomba safi, friji na hospitali ya karibu anaweza kuibeba hatari hiyo, kwa sababu kwake ni ndogo. Kwa mama wa Mongbwalu mambo ni tofauti kabisa.

Mongbwalu ni mji wa dhahabu katika teritwari ya Djugu, mkoani Ituri, mashariki ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kilomita zipatazo 80 kaskazini-magharibi ya Bunia. Dhahabu ya eneo la Kilo iligunduliwa mwaka 1903, na jina la Kilo-Moto likawa maarufu tangu enzi za Wabelgiji. Leo wachimbaji wadogo wako kila upande. Mashimo yamechimbwa milimani, mchanga unaoshwa vijitoni, na vijito hivyo hivyo vinateremka kuelekea wanakoishi watu. Juu ya hayo, tangu vurugu za Djugu zilipozuka upya mwishoni mwa 2017, familia nyingi zimekimbia zaidi ya mara moja, na si wote waliorudi kwenye nyumba zao. Mama anayekimbia usiku akiwa na mtoto mgongoni habebi jiko, wala sufuria, wala maji yaliyochemshwa.

Hata hivyo sayansi ya bakteria wa utumbo wa mtoto si porojo za matangazo. Ni elimu ya kweli, na ndiyo inayotoa sababu nzito kuliko zote za kumlinda mama anayenyonyesha machimboni badala ya kumfungulia soko la makopo.

Elimu hiyo ina umri wa zaidi ya karne. Mwaka 1899, katika Taasisi ya Pasteur mjini Paris, daktari wa watoto Henri Tissier aliona katika kinyesi cha mtoto anayenyonya bakteria wenye umbo la tawi lililogawanyika mara mbili. Hao ndio leo tunawaita bifidobakteria. Wamejaa kwa mtoto anayenyonya, na ni wachache kwa mtoto anayelishwa kwa chupa. Miaka mingi ikapita kabla ya kueleweka kwa nini. Maziwa ya mama yana aina zaidi ya 100 za sukari za pekee, oligosakaridi, ambazo kwa wingi ziko nafasi ya tatu kati ya vitu vilivyomo ndani yake, baada ya laktosi na mafuta. Na mtoto mwenyewe hawezi kuzimeng'enya.

Jambo hilo linastahili kutafakariwa. Mwili wa mama unatumia nguvu kubwa kutengeneza chakula ambacho mtoto wake hakili. Wanaokila ni bifidobakteria. Wakishashiba wanatoa asidi, na asidi hiyo inaufanya utumbo uwe mahali pagumu kwa vijidudu vya kuhara. Hivyo ziwa la mama linafanya kazi mbili kwa wakati mmoja: linamlisha mtoto, na linawalisha walinzi wake.

Watoto wa Afrika hawako nyuma katika hili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 uliwalinganisha watoto wa miezi sita wa kijijini Malawi na wenzao wa Finland. Wa Malawi walionekana kuwa na bifidobakteria kwa wingi zaidi. Utajiri ambao nchi tajiri zinajaribu kuurudisha kwa unga wa kiwandani bado umo katika matumbo ya watoto ambao mama zao wanahesabiwa kuwa maskini.

Sasa tulitazame lile kopo kwa haki, kwa sababu lina kazi yake.

Maziwa yenye protini zilizokatwakatwa yaliingia sokoni Marekani mwaka 1942 kwa jina la Nutramigen, kwa ajili ya watoto ambao miili yao haivumilii maziwa ya ng'ombe. Ni tiba. Mtoto wa aina hiyo akipewa maziwa ya kawaida ya kopo anaweza kutapika, kuharisha damu, kutokwa na vipele na kuacha kukua. LGG ilitengwa katika miaka ya 1980 na Sherwood Gorbach na Barry Goldin, na herufi mbili za mwisho za jina lake zinatokana na majina yao ya ukoo. Madaktari wa Naples, Italia, walipochapisha mwaka 2013 matokeo ya watoto 260 wenye mzio wa maziwa ya ng'ombe, ilionekana kwamba kati ya waliopewa maziwa yaliyokatwa protini yakiwa na LGG, karibu 79 katika kila 100 walikuwa wamepona mzio baada ya mwaka mmoja. Kwa waliopewa maziwa ya aina hiyo bila LGG, waliopona walikuwa karibu 44 katika kila 100. Watoto hawakugawanywa kwa kura, na hilo linapunguza uzito wa matokeo, lakini si jambo la kupuuzwa.

Kuhusu ukuaji, majaribio kwa watoto wenye afya yameonyesha kwamba maziwa ya kopo yenye probiotiki hayazuii kilo wala urefu. Mwaka 2011 chama cha Ulaya cha madaktari wa matumbo ya watoto, ESPGHAN, kilipitia tafiti zilizokuwapo. Kikasema aina zilizochunguzwa hazikuonyesha madhara kwa watoto wenye afya, lakini ushahidi haukutosha kushauri zitumiwe kwa kila mtoto. Maana yake ni kwamba mtoto asiye na mzio hapungukiwi kitu akikosa kopo hilo.

Tena historia ya maziwa haya inatufundisha kuwa waangalifu na madai. Mwaka 1989 jarida la BMJ la Uingereza lilichapisha utafiti wa Ranjit Chandra, wa Chuo Kikuu cha Memorial huko Kanada, uliodai kwamba maziwa yaliyokatwa protini hupunguza ukurutu kwa watoto. Mwaka 2015 jarida hilo liliubatilisha rasmi kwa kuwa haukuaminika. Ulikuwa umekaa humo miaka 26. Mwaka uliofuata BMJ ikachapisha uchambuzi wa tafiti nyingi kwa pamoja, na uchambuzi huo haukupata ushahidi thabiti kwamba maziwa hayo humkinga mtoto na mzio. Ndiyo kusema yanamtibu aliye nao, hayamkingi asiye nao.

Je, bakteria wenyewe bila kopo? Hapa habari ni nzuri zaidi, na inaelekeza upande ule ule wa titi la mama. Katika vijiji vya jimbo la Odisha, India, watoto wachanga zaidi ya 4,500 walishiriki jaribio lililochapishwa mwaka 2017 katika jarida la Nature. Baadhi walipewa kwa siku saba Lactobacillus plantarum pamoja na sukari ya kuwalisha bakteria hao. Maambukizi ya damu na vifo kwa jumla vilishuka kutoka asilimia 9 hadi 5.4. Watoto hao walikuwa wakinyonya. Bakteria waliongezwa juu ya maziwa ya mama, hawakuja mahali pake.

Blantyre, Malawi, mambo yalikwenda vingine. Watoto 795 waliolazwa kwa utapiamlo mkali walipewa chakula cha tiba, wengine kikiwa na probiotiki na wengine bila. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 hayakuonyesha kwamba probiotiki ziliongeza idadi ya waliopona. Na mwaka 2023 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo baada ya kifo cha mtoto njiti aliyepewa hospitalini bidhaa ya probiotiki, kisha bakteria wa bidhaa hiyo wakakutwa katika damu yake. Bakteria rafiki hubaki rafiki pale mwili wa mtoto unapokuwa na nguvu ya kuwazuia wasivuke mpaka.

Mfano wa karibu zaidi na wasomaji wa Kiswahili unatoka Kwale, pwani ya Kenya. Watafiti waliwapa watoto wa miezi sita uji ulioongezwa chuma, kwa nia njema ya kupambana na upungufu wa damu. Matokeo ya mwaka 2015 yalionyesha kwamba bakteria wabaya waliongezeka tumboni na dalili za uvimbe wa utumbo zikapanda. Timu hiyo ilirudi na kujaribu tena, safari hii ikiongeza pamoja na chuma sukari inayofanana kazi na zile za maziwa ya mama, na madhara mengi yakapungua. Somo la Kwale ni kwamba mahali penye vijidudu vingi, kila kinachoingia tumboni mwa mtoto hubadili mizani, hata kile kilichokusudiwa kumjenga.

Nini hutokea nchi inapogawa makopo kwa wingi pasipo maji ya kuaminika? Jibu liko Botswana. Serikali yake, iliyokuwa na nia safi na fedha, iligawa bure maziwa ya unga kwa akina mama wenye virusi vya ukimwi ili wasiwaambukize watoto kwa kunyonyesha. Mwanzoni mwa 2006 zikaja mvua kubwa, maji yakachafuka, ugonjwa wa kuhara ukalipuka. Watoto zaidi ya 500 walikufa katika miezi michache. Wachunguzi walipotafuta kilichowatenganisha waliougua na waliosalimika, jambo lililojitokeza kwa nguvu kuliko yote lilikuwa kutonyonya. Mwaka 2010 WHO ikashauri kwamba mama mwenye virusi anaweza kunyonyesha huku yeye au mtoto akipata dawa za kufubaza virusi. Botswana ilikuwa na amani na barabara nzuri. Ituri haina hata hivyo viwili.

Wapo watoto ambao mama zao wamefariki, au wametenganishwa nao. Hao wana haki ya maziwa, na kwao kusifia kunyonyesha hakutoshi. Mashariki ya Kongo imeshaonyesha njia. Katika janga la Ebola la 2018 hadi 2020, lililoua zaidi ya watu 2,200 Kivu Kaskazini na Ituri, watoto wachanga walilazimika kutengwa na mama wagonjwa. UNICEF na washirika wake walifungua mjini Beni kituo cha malezi kando ya kituo cha matibabu. Walezi wake walikuwa watu waliougua Ebola wakapona, ambao waliweza kuwapakata watoto hao kwa sababu miili yao ilishapata kinga. Watoto wa chini ya miezi sita walipewa maziwa ya maji yaliyo tayari kunywewa, yaliyosafishwa kwa joto kiwandani na yasiyohitaji kuongezewa hata tone la maji ya kisima.

Huo ndio utaratibu wa kufuata Mongbwalu. Mtoto asiye na mama atafutiwe kwanza ndugu wa kumnyonyesha, baada ya kupimwa virusi. Shangazi au bibi aliyeacha kunyonyesha anaweza kurudisha maziwa kwa kumweka mtoto titini mara nyingi mchana na usiku, akisaidiwa na muuguzi anayeijua kazi hiyo. Ikishindikana, yaje maziwa yaliyo tayari, chini ya uangalizi wa kituo cha afya, kwa muda wote mtoto atakaoyahitaji. Mwongozo wa kimataifa wa kulisha watoto wakati wa dharura unasema hivyo hivyo, na unakataza misaada ya makopo kugawiwa ovyo kambini. Mtoto mmoja hutumia takriban kilo 20 za unga katika miezi sita ya kwanza, yaani makopo 50 ya gramu 400. Anayemgawia mama wa kambini makopo mawili kisha akaondoka anamwachia matiti yaliyokauka na deni la makopo 48.

Liko pia swali ambalo mama wa machimbo ana haki ya kuliuliza. Ikiwa dhahabu inanaswa kwa zebaki na kuchomwa kwenye kikaango nyuma ya nyumba, je, maziwa yake ni salama? Watafiti waliopima maziwa ya akina mama wa maeneo ya machimbo Tanzania, Zimbabwe na Indonesia, na kuchapisha matokeo mwaka 2008, waliikuta zebaki katika baadhi ya sampuli. Hatari hiyo ni ya kweli. Ila kopo haliiondoi, kwa kuwa mtoto anaendelea kuvuta moshi ule ule, na unga wake unakorogwa kwa maji ya vijito vile vile. Kinachomwokoa ni kuuhamisha moto wa zebaki mbali na makazi, kutumia chombo kinachonasa mvuke wake, na kumkataza mjamzito au anayenyonyesha asiiguse kabisa. Mkataba wa Minamata, ulioanza kutumika mwaka 2017, unazitaka nchi zipunguze zebaki machimboni. Wenye mashimo wanaweza kuanza bila kungoja Kinshasa.

Na wanaweza kufanya zaidi. Mwanamke anayetwanga mawe ya dhahabu tangu alfajiri analipwa kwa kile alichotwanga. Akikaa kunyonyesha, mapato yake yanashuka. Hapo ndipo mtoto anapoachiwa dada yake wa miaka minane pamoja na maji ya sukari au uji mwepesi, akiwa bado na miezi miwili. Sheria ya Kazi ya Kongo ya mwaka 2002 inampa mwanamke mwajiriwa likizo ya uzazi ya wiki 14, lakini anayetwanga mawe hana mkataba, na sheria hiyo haimfikii. Kibanda chenye kivuli kando ya mahali pa kutwangia, mama mzee mmoja anayelipwa kuwatunza watoto, na ruhusa ya kwenda kunyonyesha kila mtoto anapolia, vyote hivyo gharama yake ni ndogo mno mbele ya dhahabu inayotoka Mongbwalu kila wiki.

Mama huyo naye anahitaji kula. Katika utafiti wa kitaifa wa 2013 hadi 2014, zaidi ya watoto 40 katika kila 100 wa Kongo walio chini ya miaka mitano walikuwa na kimo kifupi kuliko umri wao, na ni karibu nusu tu ya walio chini ya miezi sita waliokuwa wakinyonya bila kupewa kitu kingine. Mistari ya ukuaji inayotumika siku ya kupima kilo ilitolewa na WHO mwaka 2006 kutokana na watoto waliofuatiliwa Brazili, Ghana, India, Norwe, Omani na Marekani. Watoto hao walikuwa wananyonya, na mama zao waliishi pasipo njaa. Mtoto wa nchi yoyote kati ya hizo akipata hali hizo mbili alikua karibu sawa na mwenzake. Kwa hiyo mtoto wa Djugu akishuka chini ya mstari, itazamwe kwanza sahani ya mama, maji ya nyumbani na malaria.

Na kwa wanaoipenda habari ya bakteria rafiki, Afrika Mashariki imeshapata namna yake ya kuwatumia. Mwanza, Tanzania, mwaka 2004, kikundi cha akina mama kikishirikiana na Chuo Kikuu cha Western cha Kanada na wataalamu wa Mwanza kilianza kugandisha maziwa kwa probiotiki na kuyauza mtaani. Uganda, shirika la Yoba for Life limesambaza hamira ya bei nafuu yenye aina ya bakteria iliyo sawa na LGG, ambayo pakiti yake ya gramu moja inagandisha hadi lita 100. Ituri ina wafugaji na ina maziwa. Mtindi wa namna hiyo ni chakula kizuri kwa mama anayenyonyesha na kwa mtoto aliyevuka miezi sita, anayeanza kula. Mtoto wa chini ya hapo anatosheka na maziwa ya mama yake peke yake.

Wenye maduka ya dawa wa Mongbwalu na Bunia waache kulitandaza kopo mbele ya mama mzima mwenye maziwa, na lile lililokatwa protini litolewe kwa cheti cha daktari aliyemwona mtoto. Zoni ya afya iweke katika kila kituo muuguzi mmoja aliyefundishwa kusaidia kunyonyesha, pamoja na akiba ya maziwa yaliyo tayari kwa ajili ya yatima. Wenye mashimo wajenge vibanda vya watoto na wahamishe moto wa zebaki. Waume, wakwe na mashangazi wambebee mama kuni na maji katika miezi sita ya kwanza, ili apate kukaa na mtoto wake. Na mama unayesoma au unayesomewa haya ukiwa Mongbwalu, mwekee mtoto titi ndani ya saa ya kwanza baada ya kujifungua, umnyonyeshe usiku na mchana, usimpe hata maji hadi miezi sita itimie. Akikataa kuongezeka kilo, au kinyesi chake kikitoka na damu, mpeleke hospitali kuu siku hiyo hiyo.